Mkono wa Mpiga Gitaa

Sauti ya binadamu hutoka katika koo lililoumbwa kwa namna moja kwa watu wote, lakini hakuna watu wawili wenye sauti moja. Mama humtambua mwanawe nyuma ya mlango kwa kikohozi tu. Jambo hili la ajabu limo pia katika gitaa. Gitaa la kawaida lina nyuzi sita, kiwiliwili cha kukuzia mlio, na shingo ya kubania nyuzi. Ni mti na waya, wala halina upendeleo kwa mtu. Hata hivyo, wape wapigaji watatu hodari gitaa moja walipige kwa zamu, nawe ukae chumba cha pili usiwaone. Baada ya muda mfupi utajua ni nani ameliweka chini na ni nani amelitwaa. Tofauti hiyo haikutoka katika gitaa. Imetoka katika mkono.

Nataka, msomaji, tuutazame mkono huo pamoja. Wapigaji mashuhuri wa dunia waliupata wapi? Je, walizaliwa nao, au waliununua, au walifundishwa? Na je, kijana wa Nakuru, au wa Molo, au wa Naivasha, aliye na gitaa kuukuu la kuazima, aweza kuwa na mkono wake mwenyewe, au amehukumiwa kuwa kivuli cha wengine maisha yake yote? Swali hili la mwisho ndilo lililonifanya nishike kalamu, kwa sababu si swali la muziki peke yake.

Kwanza yafaa tuelewane juu ya neno solo. Katika bendi magitaa hugawiwa kazi. Gitaa la besi huweka msingi, gitaa la rithimu hushika mwendo, na gitaa la solo hupewa nafasi ya kusema. Waimbaji wanaponyamaza, solo hutoka mbele ya wenzake kama mzee aliyesimama barazani. Sasa fikiri juu ya mzee huyo. Akisema upesi upesi bila kituo, watu hushangaa pumzi zake, lakini wakirudi nyumbani hawakumbuki alilonena. Akipaza sauti mno, wasikilizaji huziba masikio. Bali akianza kwa utulivu, akajenga hoja yake hatua kwa hatua, akanyamaza panapostahili kimya, kisha akafika kileleni na kukaa kitako, maneno yake hurudiwa hata na watoto. Solo nzuri ni hivyo hivyo. Ina mwanzo, ina safari, ina mwisho. Yaweza kuimbwa kwa mdomo na mtu asiyejua kupiga chombo chochote. Wepesi wa vidole ni sifa, lakini ni sifa ya mtumishi. Bwana wake ni lile jambo linalosemwa.

Bonde la Ufa ni mahali pazuri pa kujifunzia habari hizi. Reli ya Uganda ilifika Nakuru mwaka 1900, na katika zama za ukoloni mji huu uliolala baina ya Menengai na ziwa ulikuwa soko na makao makuu ya mashamba ya walowezi. Watu waliofuata kazi relini, mjini na mashambani walitoka pande zote: Wakikuyu, Waluhya, Waluo, Wakalenjin, Wakamba na wengine wengi. Kila mmoja alikuja na lugha yake, na wengi walikuja na ngoma au zeze la kwao, kama si mkononi basi masikioni. Kiswahili kiliwapa neno la kuelewana. Gitaa, kwa upande wake, liliwapa mlio wa kuelewana. Mji ambao mwaka 2021 ulitangazwa kuwa jiji ulikwisha kuwa jiji la masikio zamani sana.

Lakini kabla ya gitaa lenyewe kuenea, sauti yake ilitangulia kufika, na namna ilivyopokewa ni kisa cha kukumbukwa. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika aliyesafiri na mitambo ya kunasia sauti, alifika Kapkatet katika sehemu ya Kericho, ng'ambo ya vilima vya Mau. Huko aliwakuta Wakipsigis wakiimba nyimbo za kiumbe aitwaye Chemirocha. Chemirocha huyo alikuwa nani? Alikuwa Jimmie Rodgers, Mmarekani mwimbaji na mpiga gitaa, aliyefariki mwaka 1933 kwa kifua kikuu. Santuri zake zilikuwa zimefika Kenya pamoja na gramafoni. Wakipsigis walisikia sauti ya mtu wasiyemwona, na gitaa lililofanana kwa mbali na chombo chao wenyewe, chepkong, ambacho nyuzi zake huchezwa kwa vidole. Jina la Jimmie Rodgers likageuka kuwa Chemirocha, na mwenye jina akadhaniwa kuwa nusu mtu na nusu swala. Wasichana wakamtungia wimbo, chepkong kikipigwa pembeni yao. Katika miaka ya 2010 nakala za sauti hizo zilirudishwa Kapkatet, na wazee waliokuwa vijana siku ile ya kurekodiwa wakazisikia tena.

Wako watu wanaokicheka kisa hiki. Mimi sioni cha kucheka. Naona watu waliopokea mgeni bila kumfanya mfalme na bila kumfukuza. Hawakutupa chepkong ili wakatafute gitaa, wala hawakuvunja gramafoni kwa kuwa ni chombo cha watu wa mbali. Walisikiliza, wakaelewa kwa njia yao, wakajibu kwa nyuzi zao. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Jibu hilo la Kapkatet ndilo mfano wa kwanza wa somo letu, kwa maana mkono wa mpigaji huanzia katika yale ambayo masikio yake yalikwisha kuyazoea.

Gitaa lenyewe lilienea zaidi baada ya Vita Vikuu vya Pili. Askari wa Afrika Mashariki waliopelekwa Bara Hindi na Burma walikutana na muziki wa mataifa mengi. Miongoni mwa waliotumikia huko katika kikundi cha kuwaburudisha askari alikuwa Fundi Konde, mzaliwa wa Pwani ya Kenya, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa Wakenya wa kwanza waliojulikana kwa kupiga gitaa la umeme. Wakati huo huo wimbi jingine lilikuwa likija kutoka magharibi, kutoka Katanga ya Kongo, na katika wimbi hilo alikuwamo mtu ambaye kila mpenzi wa gitaa hana budi kumjua.

Mtu huyo ni Mwenda Jean Bosco. Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 katika mji wa Jadotville, ambao leo huitwa Likasi, na wimbo wake uitwao Masanga ukasikika mbali kupita alivyoweza kutembea mwenyewe. Nyimbo zake nyingi aliziimba kwa Kiswahili cha Kongo, kwa hiyo zilipoingia Kenya hazikuhitaji mkalimani. Mwaka 1959 alikuja Nairobi, akaimba katika matangazo ya biashara ya dawa ya Aspro. Mwananchi mwenzake, Edouard Masengo, naye aliishi na kupiga Nairobi. Vijana wa Kenya waliwasikiliza wakapigwa na butwaa, kwa sababu gitaa moja lilisikika kama magitaa mawili.

Siri ya jambo hilo yaweza kuelezwa kwa maneno machache, ingawa kuitenda ni kazi ya miezi. Mwenda alipiga kwa kidole gumba na kidole cha shahada. Kidole gumba kilishika nyuzi nene za chini, kikitembea kwa hatua zake bila kuchoka. Kidole cha shahada kilicheza juu ya nyuzi nyembamba, kikiimba wimbo. Jaribu sasa hivi juu ya meza yako: gonga kwa kidole gumba hatua mbili zilizo sawa, na katika muda ule ule gonga kwa kidole cha shahada hatua tatu zilizo sawa. Utaona kwamba vidole viwili vya mkono mmoja vyaweza kuwa maadui. Mpigaji wa Katanga alivipatanisha hata kila kimoja kikaenda njia yake na safari ikawa moja. Methali yasema kidole kimoja hakivunji chawa. Mwenda alitumia viwili, navyo vilitosha kuishangaza dunia. Alifariki mwaka 1990 kwa ajali ya gari nchini Zambia, lakini hata leo wapigaji wa Ulaya na Marekani hukaa kitako wakijifunza Masanga.

Je, Wakenya walimwiga Mwenda? Ndiyo, walimwiga, na walio hodari hawakuishia hapo. Mtazame George Mukabi, Mluhya wa magharibi ya Kenya, mwenye wimbo uitwao Sengula Nakupenda. Mukabi naye alipiga gitaa lisilo na umeme kwa vidole vyake, lakini mwendo wake haukuwa wa Katanga. Ulikuwa mwendo wa kwao. Waluhya wana ngoma iitwayo isukuti, inayopigwa kwa ngoma tatu: kubwa, ya kati na ndogo, ambazo huitwa baba, mama na mtoto. Mtu aliyekulia katika mlio huo akishika gitaa, ngoma zile humfuata nyuzini. Mtindo wa Mukabi uliitwa omutibo, na wengine waliuita sukuti kwa kuitambua asili yake. Pembeni ya gitaa ilikwaruzwa chupa ya soda yenye mifuo, ikawa kayamba ya mjini. Chombo kilitoka kwa wageni, maarifa mengine yalitoka Kongo, lakini mapigo ya moyo yalikuwa ya nyumbani.

Mukabi aliuawa mwaka 1963, angali kijana. Tunao mkono wake leo kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba ulinaswa katika santuri. Ngoma ya isukuti yenyewe, kama ipigwavyo na Waisukha na Waidakho, iliwekwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kuhifadhiwa kwa haraka. Yafikiri mambo hayo mawili kwa pamoja, msomaji. Mti wa solo unaousifia una mizizi, na mizizi hiyo yaweza kukauka wakati sisi tukiyashangaa matawi.

Mfano wa pili ni wa Waluo. Wana chombo kiitwacho nyatiti, chenye nyuzi nane. Mpigaji hukaa chini, hucheza nyuzi kwa mikono yote miwili, na huvaa pete ya chuma katika kidole cha mguu ambayo huigonga katika mwili wa chombo ili kushika mwendo. Kwa hiyo mtu mmoja huwa mwimbaji, mpiga nyuzi na mpiga ngoma. Gitaa lilipofika mikononi mwa vijana wa Kiluo, walilifanya linene kwa namna ya nyatiti, na katika miaka ya 1960 muziki uitwao benga ukashika njia. Mmoja wa mabingwa wake, Daniel Owino Misiani wa Shirati Jazz, alizaliwa Shirati upande wa Tanzania, akafanya jina lake Kenya hata alipofariki mwaka 2006. Sikiliza benga yoyote nzuri. Mwimbaji hutoa mstari, na gitaa la solo humjibu mara moja, kama mpwa mtundu asiyeacha neno la mjomba likae bila nyongeza. Nyuzi huchomwa moja moja, upesi na kwa usafi, juu ya besi inayorukaruka. Kisha sauti za watu hukoma, na magitaa hupewa uwanja. Benga ilivuka mipaka ya lugha, ikaimbwa kwa Kikuyu, kwa Kikamba na kwa lugha za Wakalenjin, na katika vituo vya magari vya Nakuru imesikika kwa lugha hizo zote.

Mfano wa tatu ni wa bendi kubwa. Huko Léopoldville, mji ambao sasa ni Kinshasa, alitokea kijana aitwaye Nicolas Kasanda, aliyejulikana kwa jina la Docteur Nico. Alikuwa mpiga solo wa African Jazz ya Joseph Kabasele, bendi iliyorekodi Indépendance Cha Cha mjini Brussels mwaka 1960. Mlio wake ulikuwa mwororo na wa mviringo, kila noti ikipewa haki yake. Franco wa OK Jazz, aliyekuwa mpinzani wake katika sifa, alikuwa na mkono mwingine: alirudiarudia fungu fupi la noti kwa ukali hata wachezaji wakapoteza habari za nyumbani. Watu wawili, mji mmoja, zama moja, na mikono miwili isiyofanana. Wakongo waliikuza sehemu iitwayo sebene, ambamo uimbaji hupungua na magitaa hutawala ngoma. Bendi za Kongo na Tanzania zilizohamia Nairobi katika miaka ya 1970 zilileta elimu hiyo Kenya. Les Wanyika, iliyoundwa mwaka 1978, ilitoa wimbo uitwao Sina Makosa. Wakenya wengi hawahitaji kungoja mwimbaji afungue kinywa ili waujue. Magitaa yake ya mwanzo huwatosha.

Sasa tuvuke bahari, maana najua kwamba wengi wenu mnapenda roki, na wala sina nia ya kuwakataza. Muziki wa roki ulizaliwa Marekani katika miaka ya 1950. Mmoja wa wazazi wake ni bluzi, muziki wa Wamarekani weusi, wajukuu wa watu waliochukuliwa Afrika utumwani, aghalabu kutoka pwani za magharibi na za kati. Kwa hiyo asemaye kwamba roki ni ya wazungu tu hakusoma historia yake, naye asemaye kwamba ni yetu tu hakuisoma vizuri zaidi. Ni mtoto wa njia panda, kama ilivyo benga.

Solo zake zilizo mashuhuri zinatufundisha somo lile lile la Kapkatet na la Butere. Chuck Berry alitoa Johnny B. Goode mwaka 1958, na fungu lake la kwanza la gitaa limeigwa na wanafunzi wa dunia nzima. Lakini fungu hilo linafanana sana na lile lililopigwa na Carl Hogan katika bendi ya Louis Jordan mwaka 1946. Berry aliazima mbegu, akaipanda katika shamba lake, akaimwagilia kwa kasi na ucheshi wake, ikazaa tunda jingine. Kuazima si aibu. Aibu ni kuazima na kurudisha vile vile.

B. B. King naye alitamani kuupata mlio wa jamaa yake Bukka White, aliyetelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi hata gitaa likalia kama mtu. Hakuweza. Basi akatafuta njia ya kuukaribia mlio huo kwa kutikisa kidole kilichobana uzi, na mtikiso huo ukawa sahihi yake hata alipofariki mwaka 2015. Noti yake moja ilitambulika mahali popote. Unaona, msomaji? Lile aliloshindwa kuliiga ndilo lililompa lake mwenyewe.

Kisa cha Tony Iommi wa Birmingham, Uingereza, ni kikali zaidi. Alikuwa mfanyakazi wa kiwanda mwenye umri wa miaka 17 mtambo ulipomkata ncha za vidole viwili. Kwa kuwa yeye hupiga gitaa kwa mkono wa kushoto, vidole hivyo vya kulia ndivyo alivyobania nyuzi. Msimamizi wake wa kazi alimletea santuri ya Django Reinhardt, bingwa wa gitaa aliyeungua katika moto mwaka 1928, vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vikalemaa, naye akaendelea kupiga solo kwa viwili vilivyobaki. Iommi akayeyusha chupa ya plastiki, akajitengenezea vikofia vya vidole, akatumia nyuzi nyembamba zisizomuumiza. Baadaye akazilegeza nyuzi ili zibanike kwa urahisi, na kulegea huko kukaongeza uzito wa mlio. Santuri ya kwanza ya bendi yake, Black Sabbath, ilitoka mwaka 1970, na muziki mzito wa roki ukapata mmoja wa waasisi wake. Sisemi kwamba ajali ni baraka. Nasema kwamba mkono hujengwa pia na yale usiyoweza, ikiwa hukubali yawe mwisho wa yale unayoweza.

Mwisho ni Jimi Hendrix, ambaye wengi humhesabu kuwa mkuu wa wapigaji wote wa roki. Alitumia mkono wa kushoto, akageuza gitaa la watu wa mkono wa kulia juu chini, akalifunga nyuzi upya. Gitaa la umeme likielekezwa karibu na kipaza sauti chake, mlio hurudi ukaitikisa tena nyuzi, ukazaa kilio kirefu kisichokoma. Mafundi waliuhesabu mlio huo kuwa kasoro. Hendrix aliufanya kuwa usemi. Mwezi wa Agosti mwaka 1969, katika tamasha la Woodstock, alipiga wimbo wa taifa la Marekani kwa gitaa, na wengi walisikia ndani yake ndege na mabomu ya vita vya Vietnam. Hakutamka neno hata moja.

Sasa shika jambo hili. Mwezi mmoja kabla ya hapo, Julai mwaka huo huo na katika nchi hiyo hiyo, Mwenda Jean Bosco alikuwa amepiga gitaa lake katika tamasha la Newport. Mmoja alikuwa na umeme wa kutikisa mashamba. Mwingine alikuwa na vidole viwili na gitaa la mbao. Usiniulize nani alikuwa mkubwa kuliko mwenziwe. Niulize ni nani kati yao aliyeweza kudhaniwa kuwa mwingine, nami nitakujibu: hakuna.

Nimewasikia vijana wa mji wetu wakisema kwamba gitaa la kweli ni la Marekani na Uingereza, na kwamba lile la wazee ni la vilabu vya pombe. Nimewasikia wazee nao wakisema kwamba roki ni makelele ya watu waliorukwa na akili. Pande zote mbili zinapoteza. Kijana anajinyima nusu ya masikio yake, na mzee anajinyima wajukuu watakaoubeba mkono wake. Hasara ya tatu ni kubwa kuliko hizo. Katika kambi za wafanyakazi wa mashamba na katika mitaa ya reli, ni wapiga gitaa wangapi waliopiga kila Jumamosi kwa miaka mingi bila mtu kuwanasa sauti? Mkono wa mtu huzikwa pamoja naye asipopatikana wa kuurithi. Mwacha asili ni mtumwa, wasema wahenga. Nami naongeza kwamba asili isiyosikilizwa huondoka kimya kimya, bila kumuaga mtu.

Basi nakushauri mambo matatu, nawe uyapime. La kwanza, jifunze kusikiliza kabla ya kupiga. Chagua solo moja, uisikilize mara tatu. Mara ya kwanza ufuate gitaa la solo. Mara ya pili uliache, ufuate besi na rithimu, ili ujue solo ilikuwa ikizungumza na nani. Mara ya tatu usikilize vituo vya kimya, ujiulize kwa nini mpigaji alinyamaza hapo. Baada ya hayo uiimbe kwa mdomo. Usichoweza kukiimba hujakielewa, hata kama vidole vyako vinakipita.

La pili, iga kwa bidii na bila haya. Kila bingwa niliyemtaja alianza kwa kumsikiliza mwingine. Lakini ukishaweza kupiga fungu la Berry au la Nico kama lilivyo, livunje. Lipige kwa mwendo wa ngoma ya kwenu. Ukiwa Mkipsigis, uliulize chepkong lingejibu nini. Ukiwa Mluhya, wapigie hodi baba, mama na mtoto wa isukuti. Ukiwa umezaliwa mjini, nawe huna ngoma unayoiita yako, basi mji wenyewe una milio: treni, soko, magari ya abiria, kwaya za Jumapili na mwadhini wa alfajiri. Mtu hakosi mahali alipokulia masikio yake.

La tatu, mtafute mzee mmoja anayepiga chombo chochote cha nyuzi, umwombe ruhusa, uinase sauti yake. Hugh Tracey alihitaji gari na mitambo mizito. Leo simu ya mkononi yatosha. Mwulize alijifunza kwa nani, hushika nyuzi kwa vidole gani, na alipungukiwa na nini akakitengeneza mwenyewe. Yaandike majibu yake katika daftari, kwa tarehe na mahali. Huenda hutakuwa mpigaji mashuhuri. Lakini siku moja kijana mwingine atatafuta mahali pa kuanzia, na daftari hilo pamoja na sauti hiyo vitamwambia kwamba katika Bonde la Ufa walikuwapo watu waliolifundisha gitaa lugha yao.